UCHAMBUZI: Sekunde ya nyongeza kufikia ukomo ifikapo 2035, mifumo yapaswa kujiandaa

Kwa zaidi ya nusu karne, saa rasmi inayoongoza shughuli za dunia imekuwa ikisubirishwa kwa sekunde moja kila inapobidi, ili mzunguko wa Dunia uifikie. Utaratibu huo, ambao umetumika mara 27 tangu mwaka 1972, sasa unaelekea ukingoni. Mkutano Mkuu wa 27 wa Vipimo na Mizani uliofanyika Versailles, nchini Ufaransa, uliamua Novemba 18, 2022 kwamba tofauti inayoruhusiwa kati ya saa rasmi na mzunguko wa Dunia ipanuliwe ifikapo mwaka 2035 au kabla ya hapo. Pendekezo la kiwango kipya cha tofauti hiyo lilipangwa kufikishwa mbele ya mataifa wanachama katika mkutano wa 28, mwaka 2026.

Kwa mwananchi wa kawaida, habari ya sekunde moja yaweza kuonekana kuwa jambo la wanasayansi peke yao. Hata hivyo, saa hiyo ndiyo inayoonesha ni muamala upi wa simu uliotangulia mwingine, risiti ya mashine ya kielektroniki ilitolewa wakati gani, ndege ilipita wapi na kwa muda upi, na minara ya simu ipokezane vipi mawimbi pasipo kuingiliana. Kwa sababu hiyo, uamuzi wa Versailles unagusa kila taasisi yenye kompyuta inayowasiliana na kompyuta nyingine, na muda uliobaki kabla ya mwaka 2035 ni muda wa maandalizi.

Saa mbili, vipimo viwili

Tangu zama za kale binadamu alipima wakati kwa Jua. Siku ilihesabiwa kuwa muda unaopita tangu Jua lifike utosini hadi lirejee tena utosini siku inayofuata, na sekunde ikawa sehemu moja kati ya 86,400 za siku hiyo ya wastani. Kipimo hicho kilitosheleza mahitaji hadi karne ya 20, pale wataalamu wa falaki walipothibitisha kwamba Dunia haijizungushi kwenye mhimili wake kwa mwendo usiobadilika.

Mwaka 1955, Louis Essen na Jack Parry wa Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza walikamilisha saa ya atomu za sesiamu iliyoweza kutegemewa kwa vipimo vya uhakika. Mwaka 1967 mataifa yalikubaliana kwamba sekunde isipimwe tena kwa mwendo wa Jua wala wa Dunia, bali kwa atomu. Sekunde moja ikawa muda wa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya sesiamu-133.

Kuanzia hapo dunia ikawa na saa mbili. Ya kwanza ni saa ya atomu, ambayo leo inatokana na wastani wa saa zaidi ya 400 zilizoko katika maabara za nchi mbalimbali, hesabu yake ikifanywa na Ofisi ya Kimataifa ya Vipimo na Mizani iliyoko Sèvres, karibu na Paris. Ya pili ni Dunia yenyewe, ambayo mzunguko wake ndio unaoleta mchana na usiku.

Saa hizo mbili hazilingani, na sababu yake haifahamiki sana. Urefu wa sekunde ya atomu uliwekwa kwa kulinganishwa na hesabu za falaki zilizojengwa juu ya uchunguzi wa karne ya 18 na ya 19, wakati siku ilikuwa fupi kidogo kuliko ilivyo katika zama hizi. Matokeo yake, mwanzoni mwa miaka ya 1970 siku halisi ilizidi sekunde 86,400 za atomu kwa takriban milisekunde 3, yaani sehemu 3 kati ya 1,000 za sekunde moja. Kiasi hicho hakionekani kwa jicho wala kwa saa ya ukutani. Lakini haba na haba hujaza kibaba: milisekunde 3 kila siku, kwa siku 365, huzidi sekunde moja kwa mwaka.

Ifahamike, kwa hiyo, kwamba sekunde ya nyongeza haimaanishi kuwa Dunia hupunguza mwendo kwa sekunde nzima kila mwaka. Inamaanisha kwamba siku ya Dunia na siku ya atomu zina urefu tofauti kidogo, na tofauti hiyo hulimbikizwa hadi ifikie kiasi cha kuhitaji marekebisho.

Namna sekunde inavyoongezwa

Ili kuzipatanisha saa hizo mbili, kulibuniwa saa rasmi ya dunia inayojulikana kwa kifupi kama UTC. Saa hiyo huenda kwa mwendo wa atomu, lakini kwa sharti kwamba isitofautiane na mzunguko wa Dunia kwa zaidi ya sekunde 0.9. Tofauti inapokaribia kikomo hicho, sekunde moja huongezwa.

Jukumu la kutangaza nyongeza hiyo liko mikononi mwa taasisi ya kimataifa inayofuatilia mzunguko wa Dunia, IERS, ambayo kitengo chake husika kipo katika kituo cha falaki cha Paris. Vipimo vyake hutokana na darubini za redio zilizosambaa katika mabara mbalimbali, zikiwemo za Hartebeesthoek nchini Afrika Kusini. Darubini hizo hupokea kwa pamoja mawimbi kutoka katika viini vya galaksi za mbali mno, ambavyo kwa umbali wao huonekana kama alama zisizosogea angani. Kwa kulinganisha nyakati ambazo mawimbi hayo yamefika katika kila kituo, wataalamu hutambua Dunia imegeuka kwa kiasi gani.

Kila mwaka, katika miezi ya Januari na Julai, IERS hutoa taarifa inayoeleza iwapo sekunde itaongezwa mwishoni mwa Juni au mwishoni mwa Desemba. Inapoongezwa, saa ya UTC hufika 23:59:59, kisha badala ya kuingia siku mpya husoma 23:59:60, ndipo hufuata 00:00:00. Dakika hiyo ya mwisho huwa na sekunde 61. Katika matangazo ya redio ya BBC, ambapo saa hutangazwa kwa milio 6, dakika hiyo hupewa mlio wa 7.

Kwa kuwa nyongeza hufanyika duniani kote kwa wakati mmoja, nchi za Afrika Mashariki zinazotumia saa iliyotangulia UTC kwa saa 3 huipokea usiku wa manane, saa 8 na dakika 59, kabla tu ya kuingia saa 9. Mara ya mwisho ilikuwa alfajiri ya kuamkia Januari 1, 2017. Tangu hapo hakuna sekunde iliyoongezwa, na taarifa zote za IERS hadi ile iliyohusu mwisho wa Desemba 2025 zimeeleza kuwa hakuna haja ya kufanya hivyo.

Hapo ndipo sekunde ya nyongeza inapotofautiana na mwaka mrefu. Mwaka wenye siku 366 hujulikana karne nyingi kabla, kwa kuwa kanuni yake haibadiliki, na mtengenezaji wa kalenda au wa programu ya kompyuta aweza kuuandaa mapema. Sekunde ya nyongeza haina kanuni ya namna hiyo. Hujulikana takriban miezi 6 kabla, na historia yake haina mpangilio. Mwaka 1972 pekee ziliongezwa sekunde 2. Kisha, baada ya nyongeza ya Desemba 1998, dunia ilikaa miaka 7 bila nyongeza nyingine hadi Desemba 2005.

Dunia isiyotabirika

Ukosefu huo wa mpangilio unatokana na Dunia yenyewe. Kwa muda mrefu, nguvu kubwa inayopunguza mwendo wake ni Mwezi. Mvutano wa Mwezi husababisha maji ya bahari kupwa na kujaa, na msuguano unaotokana na mwendo huo wa maji hupunguza kasi ya mzunguko, hivyo siku hurefuka kwa takriban milisekunde 2 kila karne. Nguvu inayopotea katika mzunguko wa Dunia huusukuma Mwezi, nao husogea mbali kwa takriban sentimita 3.8 kila mwaka.

Juu ya mwelekeo huo wa karne nyingi, yapo mabadiliko ya miaka michache na hata ya siku chache. Upepo, mikondo ya bahari na mwendo wa kiini cha Dunia kilichoyeyuka huweza kuongeza au kupunguza kasi. Hata matetemeko huacha alama. Wataalamu wa Shirika la Anga la Marekani, NASA, walikokotoa kwamba tetemeko la Desemba 26, 2004 katika kisiwa cha Sumatra, lililosababisha tsunami iliyofika hadi mwambao wa Afrika Mashariki, lilifupisha siku kwa sehemu 2.68 kati ya milioni moja za sekunde.

Katika miaka ya karibuni mwelekeo umegeuka kinyume na ulivyozoeleka. Dunia imeongeza kasi, na baadhi ya siku zimekuwa fupi kuliko sekunde 86,400. Juni 29, 2022 siku ilipungua kwa milisekunde 1.59, na Julai 5, 2024 ikapungua kwa milisekunde 1.66, kiwango kilichovunja rekodi zilizowekwa tangu saa za atomu zianze kutumika katika vipimo hivyo. Hiyo ndiyo sababu ya kutoongezwa sekunde yoyote tangu mwanzo wa mwaka 2017.

Mabadiliko ya tabianchi nayo yameingia katika hesabu hiyo. Katika utafiti uliochapishwa na jarida la Nature mwezi Machi 2024, Duncan Agnew wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alieleza kuwa barafu inayoyeyuka Greenland na Antaktika inahamisha uzito kutoka maeneo ya ncha kuelekea ukanda wa ikweta. Uhamisho huo hupunguza kasi ya Dunia, kama mcheza ngoma anayezunguka anavyopunguza kasi anaponyoosha mikono. Kwa hesabu zake, kuyeyuka huko kumesogeza mbele tukio ambalo lingeweza kutokea mapema zaidi: hitaji la kupunguza sekunde moja badala ya kuiongeza, ambalo sasa huenda likajitokeza karibu na mwaka 2029.

Kikwazo kwa kompyuta

Wakati utaratibu wa sekunde ya nyongeza ulipoanza mwaka 1972, waliotumia saa yenye uhakika wa sekunde walikuwa wachache: mabaharia, wataalamu wa falaki, vituo vya redio na maabara. Leo saa hiyo hiyo inatumiwa na mabilioni ya vifaa vinavyowasiliana usiku na mchana, na vingi kati ya hivyo vimejengwa kwa dhana kwamba kila dakika ina sekunde 60, si zaidi wala pungufu. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa kujumlisha sekunde 86,400 kwa kila siku na hazina nafasi ya kuandika sekunde ya 61. Hivyo hulazimika kurudia sekunde moja mara mbili au kusimama, na programu inayolinganisha nyakati huweza kuona kwamba tukio la pili limetokea kabla ya lile la kwanza.

Athari zake zimekwisha kuonekana. Sekunde ilipoongezwa Juni 30, 2012, hitilafu katika mfumo wa uendeshaji wa Linux ilizifanya seva nyingi duniani kufanya kazi kupita kiasi hadi kukwama. Tovuti ya Reddit ilikuwa miongoni mwa zilizoathirika. Nchini Australia, safari za ndege za Qantas zilichelewa baada ya mfumo wa kupokea abiria kusimama, na wafanyakazi wakalazimika kuandikisha abiria kwa mkono. Katika nyongeza ya mwisho, iliyoingia na mwaka 2017, sehemu ya huduma za kampuni ya Cloudflare ilipata hitilafu kwa sababu programu yake ilikokotoa muda na kupata jibu lililo chini ya sifuri, jambo ambalo waandishi wa programu hiyo hawakutarajia.

Kampuni kubwa za teknolojia zilitafuta njia ya kukwepa tatizo hilo. Google, kwa mfano, huieneza sekunde ya nyongeza katika muda wa saa 24, hivyo kila sekunde ya siku hiyo hurefushwa kwa kiasi kidogo mno na hakuna kompyuta inayoona sekunde ya 61. Njia hiyo huzuia mshtuko, lakini huzaa tatizo jingine. Katikati ya kipindi hicho, saa ya kampuni hiyo hutofautiana na saa rasmi kwa nusu sekunde, na kwa kuwa kampuni nyingine hutumia muda na mbinu tofauti, dunia hujikuta na saa kadhaa zinazodai zote kuwa sahihi.

Nusu sekunde ni muda mrefu katika shughuli za sasa. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka kampuni zinazouza na kununua hisa kwa kasi kubwa zisitofautiane na UTC kwa zaidi ya sehemu 100 kati ya milioni moja za sekunde. Mitandao ya simu ya kizazi cha tano huhitaji minara ilingane kwa kiwango kidogo zaidi ya hicho. Mfumo wa setilaiti wa GPS wa Marekani ulikwishaamua tangu awali kutofuata sekunde za nyongeza, na kwa sababu hiyo saa yake ya ndani imeitangulia UTC kwa sekunde 18. GLONASS ya Urusi, kwa upande wake, huzifuata.

Uwezekano wa kupunguza sekunde umeongeza uzito wa hoja hizo. Ikitokea, saa itatoka 23:59:58 na kuingia moja kwa moja 00:00:00, na sekunde ya mwisho ya siku haitakuwepo. Jambo hilo halijawahi kufanyika. Azimio la Versailles lenyewe lilitaja uwezekano huo kuwa miongoni mwa sababu za kufanya mabadiliko, kwa kuwa programu nyingi hazijawahi kujaribiwa katika hali hiyo. Ikiwa sekunde ya nyongeza, iliyotekelezwa mara 27, bado ilileta hitilafu katika mara yake ya mwisho, sekunde pungufu itakayotekelezwa kwa mara ya kwanza inabeba hatari kubwa zaidi.

Hoja za waliotaka utaratibu ubaki

Mjadala huu haukuanza mwaka 2022. Ulijadiliwa kwa miaka mingi katika Shirika la Umoja wa Mataifa la Mawasiliano, ITU, na kuahirishwa Geneva mwaka 2012 na tena mwaka 2015. Uingereza ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotetea sekunde ya nyongeza kwa muda mrefu, kwa hoja kwamba saa ya raia imefungamana na Jua tangu mwanzo wa ustaarabu na kwamba kuikata kamba hiyo ni hatua isiyopaswa kuchukuliwa kwa sababu ya urahisi wa kompyuta. Sheria ya nchi hiyo hadi sasa hutaja saa ya Greenwich, ambayo msingi wake ni Jua.

Wapo pia wenye sababu za kiutendaji. Darubini huelekezwa angani kwa kufuata mzunguko wa Dunia, na baharia anayepima mahali alipo kwa nyota hutegemea saa inayolingana na mzunguko huo. Katika ikweta, uso wa Dunia husogea takriban mita 465 kila sekunde. Kwa hiyo kosa la sekunde moja ni kosa la karibu nusu kilomita baharini, na kosa la dakika moja ni karibu kilomita 28. Urusi nayo iliomba muda mrefu zaidi kwa sababu mfumo wake wa setilaiti hufuata sekunde za nyongeza, na kuubadilisha huhitaji vifaa vipya angani na ardhini.

Hoja hizo hazikupuuzwa. Vipimo vya mzunguko wa Dunia vitaendelea kuchukuliwa na kutangazwa kama ilivyo sasa, ili kila mwenye kuhitaji saa ya Jua aipate kwa kuongeza au kupunguza tofauti iliyotangazwa. Aidha, Mkutano wa Dunia wa Mawasiliano ya Redio wa ITU, uliofanyika Dubai mwishoni mwa mwaka 2023, uliunga mkono uamuzi wa Versailles na kuacha nafasi ya kusogeza muda hadi mwaka 2040 pale ambapo vifaa vilivyopo haviwezi kubadilishwa mapema.

Je, Jua litaachwa nyuma?

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni iwapo kuondoa sekunde ya nyongeza kutafanya saa na Jua vipishane hadi mchana uwe usiku. Azimio la Versailles linataka kiwango kipya cha tofauti kitakachoiwezesha saa kuendelea bila kukatizwa kwa angalau miaka 100. Kwa makadirio ya kawaida, tofauti itakayolimbikizwa katika kipindi hicho ni ya dakika moja hivi.

Ukubwa wa dakika hiyo huonekana vyema ikilinganishwa na tofauti ambazo jamii imekwisha kuzikubali. Saa ya Afrika Mashariki imejengwa juu ya mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambao uko mashariki mwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Dar es Salaam ipo takriban nyuzi 39.3, hivyo kwa wastani Jua hufika utosini katika jiji hilo karibu dakika 23 baada ya saa 6 mchana. Kigoma, iliyoko takriban nyuzi 29.6, hulipata Jua la utosi karibu saa 7 mchana. Mkazi wa Kigoma na mkazi wa Dar es Salaam hutumia saa moja ya taifa ingawa Jua huwatofautisha kwa dakika zipatazo 39, na hakuna anayekwazika kwa hilo kwa sababu saa moja kwa nchi nzima ina manufaa makubwa zaidi.

Historia inaonesha vilevile kwamba saa ya nchi ni makubaliano. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, Kenya iliyokuwa chini ya ukoloni iliwahi kutumia saa iliyotangulia Greenwich kwa saa 2 na nusu, na baadaye saa 2 na dakika 45, kabla ya kutulia katika saa 3 zinazotumika leo.

Ibada zinazofuata Jua hazitaathiriwa. Nyakati za swala hukokotolewa kwa mahali Jua lilipo katika kila mji na kila tarehe, ndiyo maana adhuhuri ya Dar es Salaam haiangukii wakati mmoja mwaka mzima, na futari ya Kigoma huja baada ya ile ya Dar es Salaam. Hesabu hizo zitaendelea kufuata Jua lenyewe. Vivyo hivyo, desturi ya Waswahili ya kuanza kuhesabu saa za mchana kunapopambazuka na za usiku Jua linapotua itabaki na maana yake, kwani katika maeneo ya karibu na ikweta mawio na machweo hutofautiana kwa dakika nyingi katika mwaka mmoja kuliko hiyo moja itakayolimbikizwa katika karne nzima.

Maandalizi yanayohitajika

Jambo la kuzingatia ni kwamba uamuzi umekwisha kupitishwa lakini utekelezaji wake haujaanza. Hadi kiwango kipya kitakapoanza kutumika, kanuni ya mwaka 1972 ingali hai, na IERS itaendelea kutoa taarifa yake mara mbili kwa mwaka. Ikiwa mwendo wa Dunia utabadilika katika kipindi hiki cha mpito, taasisi zote zitapaswa kuwa tayari kupokea sekunde ya kuongeza, au sekunde ya kupunguza kwa mara ya kwanza katika historia.

Kwa benki, kampuni za simu, viwanja vya ndege, mashirika ya umeme na idara za umma, maandalizi huanza kwa swali rahisi: saa ya mfumo inatoka wapi? Taasisi inayochukua wakati kutoka kwenye setilaiti, kutoka seva ya mtandaoni inayoeneza sekunde na kutoka seva isiyoeneza, yote kwa pamoja, itakuwa na kumbukumbu zinazokinzana siku ya marekebisho. Pindi panapotokea mgogoro wa muamala au uchunguzi wa uhalifu wa mtandaoni, kumbukumbu hizo ndizo huwa ushahidi. Kuchagua chanzo kimoja cha wakati kinachofahamika, kukiandika katika taratibu za kazi, kuhuisha programu na kuzijaribu katika dakika yenye sekunde 61 na yenye sekunde 59 ni kazi isiyohitaji kusubiri tangazo.

Katika ngazi ya nchi, wajibu huo unahusisha taasisi zenye dhamana ya viwango na vipimo, kama Shirika la Viwango Tanzania na Shirika la Viwango Kenya, pamoja na mamlaka zinazosimamia mawasiliano. Tanzania na Kenya ni wanachama wa ITU, na taarifa za mabadiliko haya hupitia katika vyombo hivyo kabla ya kuwafikia watoa huduma. Uwezo wa kuwa na saa ya taifa inayolinganishwa na UTC huipa nchi kauli yake kuhusu wakati, badala ya kutegemea saa ya kampuni iliyoko ng'ambo ambayo yaweza kuieneza sekunde kwa namna yake bila kumtaarifu mtumiaji wa mwisho.

Kwa mwananchi, hakuna hatua ya kuchukua. Saa ya ukutani hupoteza au kuongeza sekunde zaidi ya hizo kila mwezi, na simu ya mkononi hujirekebisha yenyewe kutoka kwenye mtandao. Mwananchi atagundua kwamba kuna lililobadilika endapo tu mfumo anaoutegemea haukuandaliwa: fedha aliyotuma ikachelewa kuonekana, au safari yake ikakwama kwenye dawati la uwanja wa ndege kama ilivyotokea Australia mwaka 2012. Wahenga walisema wakati ni ukuta, na anayepigana nao huumia mwenyewe. Kati ya sasa na mwaka 2035, taarifa za kila Januari na Julai zitaendelea kuonesha iwapo Dunia itaulazimisha mtihani huo kabla ya kanuni mpya kuanza kazi.